Vidole Sita vya Mwinyijuma

Mboni alianza kumshuku mke mwenzake siku ya nne. Siku tatu za mwanzo alimvumilia, maana mgeni katika nyumba ya watu hupewa nafasi ajipange. Lakini siku ya nne, akiwa uani anachambua mchele wa harusi, alimsikia mumewe, Mzee Mwinyijuma, akicheka barazani peke yake. Kilikuwa kicheko cha chinichini, cha mtu aliyenong'onezwa jambo.

"Unacheka na nani, Baba Najat?"

"Na simu."

"Imekwambia nini?"

"Mambo yetu," akajibu Mwinyijuma, akakisukuma kile kidude cha sikioni kikakaa sawasawa.

Mke mwenza huyo aliishi ndani ya simu. Mwinyijuma alikuwa haoni tangu ana miaka minne, surua ilimchukua macho, na simu ile ya kioo alinunuliwa na binti yao Najat, ambaye Ijumaa ijayo angeolewa na kuhamia kwa mumewe. Kila Mwinyijuma alipogusa kioo, sauti ya mwanamke ilimsomea kilichokuwa chini ya kidole chake. Haikuwa sauti ya Tanga. Mboni alisema ni ya bara, tena bara ya mbali, ya mtu aliyejifunza Kiswahili kitabuni. Na haikuchoka, haikukohoa, haikuomba kitu. "Mwanamke wa namna hiyo," alimwambia jirani yake, "hata mie ningemwoa."

Kilichomkera zaidi kilikuwa ni mkao. Mwinyijuma aliishika simu kinyume. Kioo kilitazama barabara, mgongo wa simu ulimtazama yeye, na mikono yake miwili ilikuwa imeishika kwa ulalo, kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Vidole vitatu vya kila mkono vilizunguka kwa mbele na kudonoa kioo asichokiona wala asichokitazama. Wapita njia wa mtaa wao wa Nguvumali walisimama wakamtazama, wengine wakaziba midomo kwa mikono. Badru, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, siku moja alivuka kwa huruma, akamgeuzia simu vizuri, akampigapiga begani. Mwinyijuma alimshukuru sana. Akangoja nyayo za Badru zifike dukani, kisha akaigeuza tena.

* * *

Kabla ya simu hiyo, maandishi yote ya nyumba ile yalipita kwenye kidole gumba cha Mboni. Mwinyijuma alikuwa mpokea simu wa ofisi kwa miaka thelathini, kwa hiyo kusema alijua. Alikaa kwenye kiti chake, akakunja mguu, akasema, na mkewe akaandika.

Sasa tusifichane. Mwinyijuma alikuwa na ulimi mkali kuliko pilipili mbuzi, na kama ujumbe wake ungefika kwa watu kama alivyousema, familia ile ingekuwa imehama Nguvumali zamani. Siku moja alisema: "Mwandikie katibu wa msikiti. Mwambie kipaza sauti chenu kinakoroma kumshinda imamu."

Mboni aliandika: "Assalaam alaykum katibu. Mungu awalipe kwa kazi ya nyumba yake. Kipaza sauti kikipata fundi itakuwa kheri."

"Nisomee," akasema Mwinyijuma.

"Kipaza sauti chenu kinakoroma kumshinda imamu," akasoma Mboni, kwa sauti kavu ya karani.

"Hapo sawa. Tuma."

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Mboni alimsomea alichosema, akatuma alichoona kinafaa. Mtaa ukamjua Mwinyijuma kuwa mtu wa maneno matamu. Vijana walimwamkia shikamoo kutoka mbali, wenye ugomvi wa ndoa walikuja kukaa barazani kwake, na akina mama walimwombea dua. Mwinyijuma alidhani wanamwogopa. Aliipenda sana hofu hiyo.

Jambo lililomfanya atake kuandika mwenyewe ni namba ya siri. Badru ndiye aliyekuwa pia wakala wa kutuma pesa, na dukani kwake muziki haukuzimwa. Mwinyijuma alipotaka kutuma chochote ilibidi aitaje namba yake ya siri juu ya kaunta, Badru amwandikie. "Ngapi, mzee? Mbili, saba, halafu?" Badru alipiga kelele, na waliokuwa foleni wakamsaidia: "Sifuri, Badru! Mzee huwa anasema sifuri!" Nusu ya mtaa ilikuwa inaijua namba ya siri ya Mwinyijuma kuliko tarehe walizozaliwa watoto wao. Wote walicheka kwa wema. Mwinyijuma naye alicheka, akarudi nyumbani akiwa ameiuma midomo.

* * *

Mwalimu wake alikuwa Zebedayo, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwimbaji wa besi kwaya ya usharika, kipofu mwenzake waliyesoma naye darasa moja la bweni. Alifika na fimbo yake nyeupe, akaiamkia nyumba nzima kwa Kishambaa, "Onga makeo," akanywa chai vikombe viwili, ndipo akaulizia simu.

"Njia ni tatu," akasema. "Ya kwanza, unapitisha kidole kwenye herufi, bibi anakutajia moja moja. Ukiipata unayoitaka, unainua kidole, imeandikwa."

Mwinyijuma alijaribu kuandika salamu. Alipofika katikati yake, chai yake ilikuwa imepoa na Zebedayo ameanza kusinzia.

"Ya pili?"

"Ya pili rahisi kabisa. Unasema, yenyewe inaandika."

"Kwa sauti?"

"Sasa utasemaje bila sauti?"

Mwinyijuma alisikiliza upande wa jikoni. Mwiko ulikuwa umeacha kugonga chungu. "Hiyo haifai," akasema. "Nipe ya tatu."

Zebedayo alicheka mpaka akakohoa. "Ya tatu ni yetu sisi. Unaikumbuka ile mashine ya shule, ya nukta nundu? Vitufe sita, vidole sita? Basi vitufe vimehamia kwenye kioo. Geuza simu ikupe mgongo. Vidole vitatu huku, vitatu kule. A kidole kimoja, B viwili, kama tulivyofundishwa. Ukitelezesha kidole kulia umeacha nafasi, kushoto umefuta. Ukitelezesha viwili kwenda juu, imeondoka."

"Imeondoka wapi?"

"Imemfika mtu. Kwa hiyo ndugu yangu, usitelezeshe viwili ukiwa na hasira."

"Zebedayo," akasema Mwinyijuma, "sababu ya kujifunza ni hiyo hiyo."

Miaka arobaini na saba ilikuwa imepita tangu aiguse mashine ya shule. Vidole vilikumbuka kabla ya kichwa. Kufika adhuhuri alikuwa ameandika jina lake, jina la mama yake, na tusi moja la Kidigo alilolifuta haraka.

* * *

Ujumbe wa kwanza wa Mwinyijuma, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe, ulimwendea Badru Jumatatu asubuhi. Ulisema: "Badru. Namba ya siri nimebadilisha mwenyewe. Muziki punguza. Unga wako una wadudu na unajua."

Badru aliusoma mara mbili. Akainua macho ng'ambo ya barabara, akamwona mzee ametulia barazani, simu kaishika kinyume, anatabasamu kwa upole. Mzee wa watu, hajui hata simu inatazama wapi. Badru akazunguka nyuma ya nyumba mpaka uani, kwa yule anayemwandikia.

"Mama Najat, shikamoo. Nimekukosea nini mimi?"

Mboni aliusoma ujumbe. Alitaka kusema, "Wallahi si mimi," maneno yakafika mdomoni yakakwama. Maana akisema huu si yeye, Badru atauliza ile mingine ilikuwa ya nani. Ile ya kumpa pole alipofiwa, iliyomliza. Ile ya Idi, aliyoinakili karatasini akaibandika ukutani dukani.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Ni haya mambo ya harusi. Kichwa changu hakiko sawa."

"Basi mzee asijue," Badru akanong'ona. "Akijua umemwandikia hivi, atahuzunika."

Ili kumpoza, Mboni akanunua kilo mbili za ule ule unga.

Jumanne ilikuwa zamu ya kundi la ukoo, lililoitwa Watoto wa Bi Tausi. Shangazi mmoja wa Pangani aliuliza kaka anapendelea sare ya rangi gani siku ya harusi, zambarau au kijani. Kaka akajibu: "Rangi shauri lenu, mimi siioni. Ila mkija mkae mkekani, viti vyangu vimechoka nanyi."

Simu ya Mboni ililia kabla hajaumaliza kuusoma.

"Wifi, maneno hayo umeyatoa wapi? Kaka yangu hana mdomo huo! Kaka yangu mpole toka utotoni!"

"Naam, wifi. Nisamehe, wifi. Usingizi, wifi."

Alipoikata simu alitoka barazani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, uso kwa kioo. Vidole sita vilikuwa vinadonoa. Alisogea. Juu ya kioo palikuwa na duara sita kwenye weusi, basi. Hapakuwa na herufi hata moja ambayo mtu mwenye macho mawili mazima angeweza kuisoma.

"Unaandika nini, Baba Najat?"

"Sijambo."

"Nimekuuliza unaandika nini."

"Na mimi nimekujibu."

Mboni akakaa pale pale na ungo wake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, jambo lilikuwa linapita mbele ya macho yake na hajui ni jambo gani. Akaogopa, na hofu yake ilikuwa na jina. Iliitwa Sabiri.

* * *

Sabiri alikuwa mdogo wake Mwinyijuma, mvuvi wa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja. Mama yao, Bi Tausi, alifia huko Ushongo. Mwinyijuma alipata habari Tanga, akasafiri, akavuka kivuko, akafika wakati watu wanakung'uta mchanga kwenye majembe. Alilia, akauliza kwa nini hawakumngoja. Sabiri, mwenye kiu na jua na msiba, akasema mbele ya watu: "Hata ungewahi, ungeona nini?"

Mwinyijuma alisimama pale pale penye kaburi bichi akaapa: "Wallahi, huyu hataisikia tena sauti yangu."

Na hakuisikia. Lakini maandishi si sauti, na Mwinyijuma alishamuuliza maalimu kuhusu hilo. Kila Idi alimwita Mboni akamsemea ujumbe mmoja ule ule wa kwenda kwa Sabiri, Mboni akaandika, akamsomea, akatuma. Kila Idi Mwinyijuma aliuliza kama amejibiwa. Kila Idi Mboni alisema, "Kimya."

Jumatano, baada ya adhuhuri, Mwinyijuma alimwambia yule mwanamke wa simuni amtafutie Sabiri. Alitaka safari hii amwandikie mwenyewe. Najat, mtoto mwenye kupenda kazi safi, alipomnunulia baba yake simu mpya alihamisha laini na mazungumzo yote ya zamani kutoka simu ya mama yake, na Mboni hakujali, maana nani angeyasoma? Kidole cha Mwinyijuma kikagusa mahali, sauti ya bara ikaanza.

"Sabiri. Wiki mbili zilizopita. Kaka, umempata samaki, yule kolekole? Nimempeleka kwa dereva yule yule."

Kidole kikashuka.

"Wewe. Wiki mbili zilizopita. Nimempata, mdogo wangu. Mungu azidi kukubariki wewe na chombo chako. Usikose, bila wewe harusi ya Najat haina baba mdogo."

Mwinyijuma alikisukuma kidude ndani zaidi ya sikio. Kisha akapanda juu, ujumbe kwa ujumbe, miaka mitano nyuma, kadiri mazungumzo yalivyosalia. Alikutana na mtu asiyemjua aitwaye Wewe. Wewe aliomba msamaha. Wewe aliuliza hali ya mgongo wa Sabiri. Wewe alimshukuru Sabiri kwa changu, kwa pweza, kwa nguru wa mwezi wa Ramadhani. Na Sabiri alimjibu kila Idi, kila mfungo, kwa maneno mengi ya mtu aliyekuwa akingoja.

Aliutafuta ule ujumbe wake mmoja wa kila Idi. Haukuwamo.

* * *

"Mboni."

Hakumwita Mama Najat. Mboni akaweka ungo chini. Ndani, Najat alikuwa anasingwa mwili kwa liwa na somo wake, kungwi wa kumfunda, na harufu yake ilikuwa imejaa ukumbini.

"Abee."

"Kolekole wa juzijuzi alitoka wapi?"

"Sokoni."

"Soko lipi?"

Mboni akapangusa mikono kwenye kanga yake.

"Na nguru wa Ramadhani?"

"Kwa Sabiri," akasema Mboni, polepole.

"Mimi nilisema nini juu ya nguru yule?"

"Ulisema tangu uzaliwe hujala nguru kama yule."

"Nikaomba kichwa."

"Ukaomba kichwa, nikakupa."

Mwinyijuma alitikisa kichwa kwa uchungu. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni, na hilo lilimuudhi zaidi. "Miaka yote hii nimesusa mtu huku namla samaki wake. Umeniombea msamaha mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mke mwenzio kahesabu. Mara tisa, kwa miaka mitano tu."

"Sasa ulitaka niandike yale uliyokuwa ukiyasema?" Mboni akapandisha sauti, kisha akaishusha kwa ajili ya somo. "Mtu wa kukuzika ni nani, ukishawatukana wote? Badru? Watu wanakuja hapa barazani wanakupenda. Unadhani wanampenda nani? Wanampenda yule ninayemwandika mie!"

Lilikuwa neno baya na alijua. Mwinyijuma alilipokea bila kutikisika.

"Mengine yote uliyofuta, nimekusamehe," akasema. "Kipaza sauti, sijui nini, yote. Lakini lile moja la Idi. Nililisema kila mwaka, kwa maneno yale yale, sikuweka tusi hata moja. Ulinisomea. Hukulituma."

Mboni hakuuliza ni lipi. Machozi yalikuwa yanamtoka na aliyaacha, kwa kuwa hapakuwa na wa kuyaona.

"Nililiona zito, Baba Najat. Nilidhani nikilituma hamtapatana mpaka kiama."

"Na yeye alikuwa akijibu. Ukaniambia kimya."

"Ningesema kajibu, ungeuliza kajibu nini."

Mwinyijuma aliinyanyua simu pajani. Akaigeuza ikampa mgongo, akapanga vidole vyake sita. Mboni akabaki amekaa mbele ya kioo. Aliviona vidole vinashuka na kupanda, viwili, kimoja, vitatu, vinapumzika, vinaanza tena. Aliyawaza ya Ijumaa. Wageni wamejaa, Sabiri hayupo, ukoo wote wa Pangani umesusa, na Najat amekaa ndani na hina zake anauliza kulikoni. Au Sabiri yupo, ametoa mkono, na kaka yake hautaki mbele ya mashehe.

"Baba Najat, nakuomba. Ngoja harusi ipite."

Vidole viliendelea.

"Basi nisomee tu ulichoandika."

"Nikusomee nilichoandika," akauliza Mwinyijuma, "au unachopenda kukisikia?"

Akatelezesha vidole viwili kwenda juu.

Ujumbe wenyewe ulisema hivi: "Sabiri. Hii naandika mimi kwa vidole vyangu, Mboni hayumo. Zile za nyuma si zangu. Siku ya mazishi ulisema hata ningewahi ningeona nini. Nisingeona kitu. Nilitaka kumshika uso mama. Nyinyi wote mlimtazama mara ya mwisho, mimi sikumshika. Hicho tu ndicho ninachokudai. Samaki walikuwa wazuri."

Saa kumi na dakika nne yule mwanamke alimwarifu kuwa ujumbe umesomwa. Hakuja na jibu. Alhamisi nzima hakuja na jibu. Mwinyijuma aligusa jina la Sabiri mara nyingi kuliko alivyotaka mtu ajue, na kila mara Mboni alisikia kidude cha sikioni kikinong'ona, akajua kimya hiki sasa ni cha kweli.

* * *

Ijumaa asubuhi nyumba ilijaa. Sufuria za pilau zilikuwa motoni uani, mashangazi wa Pangani walifika wakiwa wamevaa zambarau na kukaa mkekani kwa kununa, na Zebedayo alikuwa amekaa karibu na mlango, suti yake ya kwaya imembana shingoni. Mwinyijuma, kwenye kanzu mpya, alimwita mkewe.

"Katibu wa msikiti anauliza tuje baada ya Alasiri au kabla. Mjibu wewe."

"Mie?"

"Nikimjibu mimi nitamuudhi, na leo namhitaji."

Mboni aliichukua simu kwa mikono miwili. Kwa mtu aliyelala macho wazi siku mbili, kazi hiyo ilikuwa kama kupewa maji. Alikuwa bado anaandika pale ukumbi uliponyamaza ghafla, mashangazi kwanza, kisha wote.

Sabiri alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la samaki la barafu. Alivuka kwa kivuko cha kwanza. Kanzu yake ilikuwa imelowa maji pindoni, na mikono yake haikujua ikae wapi.

"Assalaam alaykum."

Kila mtu aliitikia isipokuwa mmoja. Mwinyijuma aligeuza uso kule ilikotoka sauti, midomo ameifumba. Shangazi mmoja akaguna. Mboni akaishika fremu ya mlango wa uani, akaiona harusi ya mwanawe inakatika pale pale.

Sabiri aliliweka sanduku chini. "Shemeji," akamwambia Mboni, "zile za Idi nilizitunza zote. Lakini ya juzi nimeisoma mpaka nimeijua kwa moyo. Sikujua kama ni hilo. Miaka yote nilidhani kanunia ile minazi ya urithi wa mama."

Akaenda akapiga magoti mbele ya kaka yake. "Sikuwa na jibu la kuandika, kaka," akasema. "Siwezi kukurudishia uso wake. Ila wanaonijua wanasema kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyofanana naye. Hebu shika."

Akauchukua mkono wa Mwinyijuma akauweka usoni pake.

Mwinyijuma alitaka kuutoa. Ulikuwa umeshafika kwenye paji, na paji lilikuwa pana, lenye mfupa ule ule uliotokeza kidogo juu ya jicho la kushoto. Akaleta mkono wa pili. Vile vidole sita vilishuka taratibu kwenye nyusi, kwenye mifuko ya macho, kwenye mashavu yaliyobonyea mahali pale pale alipopajua akiwa mtoto mgonjwa, alipobebwa mgongoni na kuzoea kunyoosha mkono mbele ili ahakikishe ni mama. Machozi yalimtiririka Mwinyijuma mpaka kwenye kola ya kanzu mpya. Ukumbi wote ulikuwa unalia. Hata Zebedayo, ambaye hakuelezwa na mtu kinachotokea, alikuwa ametoa leso.

Vidole vikafika kidevuni. Vikasimama.

Mwinyijuma alivuta kamasi, akanyoosha mkono kwa Mboni. "Nm," akafanya. Mboni akampa simu. Akaigeuza ikampa mgongo, kioo kikimtazama mdogo wake aliyepiga magoti, akadonoa kwa muda mfupi, akatelezesha viwili kwenda juu.

Simu ikalia mfukoni mwa Sabiri. Sabiri aliitoa, akaisogeza mbali na macho yake yaliyojaa maji, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote:

"Mpaka mashavuni ndiye. Mama hakuwa na ndevu."

Sabiri alicheka akiwa bado analia, akaanguka nyuma akakalia sanduku la samaki. Na hapo Mwinyijuma, aliyejikaza kwa nguvu zake zote, akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa kishindo, kile kicheko chake kikubwa cha zamani, kikajaa ukumbini, kikatoka mpaka barabarani. Ng'ambo, Badru akapunguza muziki asikie.

"Baba Najat," Mboni akasema katikati ya vicheko, akijipangusa kwa ncha ya mtandio. "Hiyo sauti ameisikia."

Watu wakatazamana. Kweli, kiapo ni kiapo.

"Kucheka si kusema," akajaribu Sabiri.

"Mimi Mlutheri," akasema Zebedayo haraka, "simo."

Mwinyijuma alifikiri kidogo, ameushika mkono wa mdogo wake kwa nguvu kama mtu anayevushwa barabara. Kisha akafungua kinywa, na hayo ndiyo yakawa maneno ya kwanza ambayo Sabiri aliyasikia kutoka kwake baada ya miaka kumi na moja:

"Basi kafara ya kuvunja kiapo imenipata. Nilishe masikini kumi, na pilau ipo. Ila Badru asiwemo. Yeye ana wadudu wake wa kulisha."